Tarehe Haijatoka, Safari Imeshaanza: Kutoka Kyela Hadi kwa Mkapa

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa na mashine za kukoboa zikianza kunguruma Kyela tangu asubuhi, vijiweni husikika swali moja: "Ni lini?" Hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Wa Msimbazi, shabiki wa Simba, anaulizia Simba Day. Wa Jangwani, shabiki wa Yanga, anaulizia kilele cha Wiki ya Mwananchi. Hizo ni siku mbili ambazo mashabiki wa soka nchini hukutanika kwa ajili ya kusherehekea klabu yao tu, bila pointi za kugombea: muziki tangu mchana, jezi mpya, wachezaji wapya wakiitwa uwanjani mmoja mmoja, kisha mechi ya kirafiki, aghalabu na timu ya nje. Aliyewahi kuwa ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa siku hiyo hahadithiwi. Asiyewahi huapa kwamba mwakani lazima.

Mwakani inafika, naye yuko palepale kijiweni. Mara nyingi si kwamba hana fedha kabisa. Alingoja tarehe itangazwe ndipo aanze kupanga, na ilipotangazwa, siku zilizobaki hazikumtosha mtu anayeishi zaidi ya kilomita 900 kutoka uwanjani. Mkazi wa Temeke anaweza kusikia tangazo redioni na kununua tiketi kabla chai haijapoa. Wewe wa Ipinda, Matema au Kasumulu una Tukuyu, Uyole, Iringa na Morogoro mbele yako.

Ushauri wangu ni huu: igawe safari mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mambo yasiyotegemea tarehe, yaani fedha, wenzako wa safari, mahali pa kulala na vitambulisho. Hayo yamalize mapema. Fungu la pili ni tiketi ya uwanja, basi na ruhusa ya kazi. Hayo yatangoja tangazo, lakini yakukute umeshajipanga. Mkulima wa mpunga haanzi kutafuta mbegu siku mvua inaponyesha.

Usiiamini tarehe ya mwaka jana

Simba Day ilianza mwaka 2009, klabu ikiongozwa na Hassan Dalali, na watu wakaizoea kuwa ni Agosti 8, siku ya Nane Nane. Siku hizi ukiishika tarehe hiyo kichwani utaumia. Mwaka 2020 tamasha lilifanyika Agosti 22. Mwaka 2021 likasogea hadi Septemba 19. Mwaka 2022 likarudi Agosti 8, mwaka 2023 likawa Agosti 6, mwaka 2024 Agosti 3, kisha mwaka 2025 likaruka hadi Septemba 10. Wiki ya Mwananchi, iliyoanza 2019, nayo haitulii: kilele chake kilikuwa Julai 22 mwaka 2023, Agosti 4 mwaka 2024, na Septemba 12 mwaka 2025.

Viongozi wa klabu hawafanyi hivyo kwa kupenda. Tamasha hufungua msimu, na msimu hupangwa kwa kuangalia ligi iliyopita imeisha lini, Ngao ya Jamii inachezwa lini, na mashindano ya CAF yanaanza lini. Mwaka 2020 ligi ilisimama miezi kadhaa kwa sababu ya corona, hivyo kila kitu kikasogea mbele. Mwaka 2025 Agosti nzima ilichukuliwa na mashindano ya CHAN, ambayo Tanzania iliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na Uwanja wa Mkapa ukawa na kazi hiyo. AFCON ya 2027 nayo imepangwa kufanyika katika nchi hizohizo tatu, kwa hiyo usishangae kalenda ikiyumba tena.

Ukiziangalia tarehe hizo utapata jambo la kukusaidia. Kipindi cha kukaa tayari ni kuanzia wiki ya tatu ya Julai hadi wiki ya tatu ya Septemba. Ndani ya miezi hiyo miwili usipange harusi unayosimamia mwenyewe, usianze ujenzi utakaokula akiba yote, na kama ni mwajiriwa usizimalize siku zako za likizo. Tazama pia siku ya juma. Mwaka 2024 matamasha yote mawili yaliangukia mwisho wa wiki, Jumamosi na Jumapili. Mwaka 2025 yalikuwa Jumatano na Ijumaa. Mwalimu wa Ipinda au muuguzi wa Kyela mjini asidhani ataondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu. Hesabu siku ya kwenda, siku ya tamasha na siku ya kurudi. Ukiongeza ya kupumzika zinakuwa nne. Zungumza na mkuu wako wa kazi mapema, mwambie utaomba siku nne katika kipindi hicho na kwamba utamletea tarehe kamili ikitoka. Anayeombwa mapema husikiliza kuliko anayeshtukizwa.

Fedha: vuna wakati wa mavuno

Fedha ya Kyela ina majira yake. Mpunga huvunwa kuanzia Mei, na kakao huleta chake pale mnada unapofanyika na AMCOS inapolipa. Kati ya malipo na malipo mfuko hukauka. Matamasha haya huja wiki chache baada ya mavuno ya mpunga, jambo ambalo ni bahati kwetu, lakini bahati hiyo huishia kwenye madeni ya dukani, ada za shule na pikipiki ya mkopo. Siku unayouza gunia la kwanza, toa fedha ya safari kabla hujaanza kulipa vingine, hata kama ni sehemu tu, uiweke mahali pasipofikika kirahisi: kwenye kikoba, kwa mwekahazina wa tawi, au kwenye akaunti ya simu ambayo laini yake hutembei nayo.

Kwa asiye na shamba, njia ni kudunduliza. Shilingi 5,000 kila wiki kuanzia mwanzo wa Machi hukupa zaidi ya laki moja kufikia mwisho wa Julai. Kiasi hicho kinakaribia nauli ya kwenda na kurudi, kutegemea daraja la basi. Nauli elekezi hutolewa na LATRA. Iulize ofisini kwao au itazame ukutani stendi, usiikubali ya mpiga debe.

Unapopanga bajeti, andika mambo kwa mpangilio huu, wala usiubadilishe: nauli ya kurudi, nauli ya kwenda, kiingilio, malazi, chakula cha siku nne, usafiri wa ndani ya Dar es Salaam, akiba ya dharura, na mwisho kabisa jezi. Nauli ya kurudi inatangulia kwa sababu ndiyo inayoliwa. Mtu akifika Dar na fedha mkononi huona kila kitu kinamfaa, na Jumatatu asubuhi anapiga simu Kyela atumiwe chochote. Jezi imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo mtego mkubwa. Jezi mpya hutoka siku zilezile za tamasha na bei yake inakaribia nauli ya upande mmoja. Kama fedha haitoshi, vaa ya mwaka jana. Hakuna atakayekurudisha mlangoni.

Wenzako, daftari na kitanda

Usiende peke yako kama ni mara yako ya kwanza. Matawi ya Simba na Yanga yapo hadi vijijini, na kazi yao kubwa ni safari kama hii. Jiunge na tawi mapema, hudhuria vikao, uone kama fedha za watu zinatunzwa. Tawi zuri utalitambua kwa daftari lake. Ukurasa mmoja, mistari imepigwa kwa rula: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, namba ya ndugu wa kupigiwa kukiwa na tatizo, kiasi alicholipa na tarehe, saini ya mlipaji, saini ya mpokeaji. Pembeni kuna safu ndogo ya maelezo: huyu ana kisukari, yule atashukia Iringa wakati wa kurudi, mwingine anakuja na mtoto. Tawi lisilo na daftari, ambalo mwenyekiti anakwambia "nimekuweka kichwani", liache.

Watu kumi na watano au ishirini wakishakamilisha michango, fikirieni kukodi Coaster. Zaidi ya hapo, basi kubwa. Kukodi kuna raha yake: mnaondoka saa mnayotaka, mnasimama mnapotaka, na gari linawangoja. Lakini kuna masharti. Gari liwe na kibali cha LATRA cha safari ya kukodiwa, lisiwe gari la njia ya Kyela na Mbeya lililoamua kujaribu bahati barabara kuu. Madereva wawe wawili, kwa sababu mwendo ni wa saa kumi na nne au zaidi. Mkataba uandikwe: bei, nani anaweka mafuta, nani anawalaza madereva, gari likiharibika Makambako nani anatoa jingine, na tamasha likiahirishwa mnarudishiwa kiasi gani. Lipeni kwa awamu, na awamu ya mwisho ilipwe mkisharudi. Mwenye gari mwaminifu hatakataa.

Kuhusu malazi, wengi wetu tuna mjomba Mbagala au shemeji Tandika. Ni jambo jema, ila tuheshimiane. Mpigie Juni, si siku unapopanda basi. Mwambie mko wangapi kweli, wala usiseme wawili halafu wakashuka watano. Mwulize kama kuna mgonjwa, kama watoto wana mitihani, kama kuna mgeni mwingine. Simba Day na Wiki ya Mwananchi huwaleta wageni wa kila mkoa katika nyumba zilezile. Usiende mikono mitupu. Debe la mchele wa Kyela linasema mengi kuliko shukrani za mdomo. Usipa nao hupendwa sana na watu wetu waliozoea Dar, ila ukaushwe vizuri na ufungwe mara mbili kwa nailoni, maana abiria wa basi zima hawana sababu ya kusafiri na harufu ya ziwa.

Kama huna ndugu, tafuta gesti maeneo ya Temeke, Chang'ombe, Keko au Mtoni, kwa sababu uwanja uko huko. Wasafiri wengi hulala karibu na stendi ya Mbezi kwa kuwa ndipo wanaposhukia, kisha siku ya tamasha wanalazimika kuvuka jiji katikati ya foleni. Mwombe mtu unayemwamini aliyeko Dar aende mwenyewe akaangalie chumba, alipie usiku mmoja kama amana na apewe risiti yenye jina lako. Picha za kwenye simu zinadanganya, na chumba kisicholipiwa si chako.

Kitambulisho nacho kiangalie mapema. Cha NIDA kikiwa kimepotea au namba huikumbuki, shughulikia hilo mwezi wa sita. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako, maana tiketi na malipo mengi siku hizi hupitia humo.

Tangazo likitoka: siku tatu za kwanza

Sasa tarehe imetoka. Hapa ndipo aliyejiandaa anapomwacha aliyengoja. Siku ya kwanza, tiketi ya uwanja. Watu wengi hukimbilia basi kwanza, lakini basi likijaa Kyela unaweza kulipata Tukuyu, Uyole au Mbeya mjini. Uwanja una viti 60,000 na ukijaa umejaa. Hakuna uwanja mwingine wa akiba. Tiketi za Mkapa kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikiuzwa kwa kadi ya N-Card, inayojazwa fedha kwa simu. Kadi usiitafute siku ya tangazo. Mwagize anayekwenda Mbeya au Dar akuletee mapema, kila mtu na yake, na muijaribu kwa kuweka kiasi kidogo.

Madaraja yapo mengi, kuanzia mzunguko hadi VIP. Kwa mtu wa kutoka mbali mzunguko unatosha kabisa, na ndiko shangwe iliko. Lakini kama unakwenda na mzazi mwenye miguu mibovu au mtoto mdogo, ongeza fedha upate sehemu yenye msongamano mdogo. Usinunue tiketi kwa mtu wa mtaani anayekuambia ana "za ndani". Nunua kwa njia zilizotangazwa na klabu yenyewe, na uzitazame kwenye kurasa zao rasmi, maana siku hizo namba za matapeli huzagaa kwenye makundi ya simu zikiwa na nembo za klabu.

Siku ya pili, basi, kwenda na kurudi. Dai tiketi ya mtandao yenye jina lako, tarehe, saa, namba ya kiti na namba ya gari. Tamasha likiwa wiki ya kwanza ya Agosti, kumbuka kwamba Mbeya huwa na maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale. Mabasi na nyumba za wageni za Mbeya hujaa siku hizo, hivyo anayetegemea kulala Mbeya ili apande basi la alfajiri aweke nafasi yake siku hiyohiyo ya tangazo.

Siku ya tatu, thibitisha malazi, peleka barua ya ruhusa kazini, na mwambie mwenyeji wako saa ya kufika. Baada ya hapo huna cha kuhangaika tena ila kufunga begi.

Njia gani uchague

Basi la moja kwa moja kutoka Kyela ndilo jepesi kwa wengi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo una hiari: kuondoka alfajiri na kufika usiku, au kuondoka jioni na kufika asubuhi. Kwa maoni yangu, wakati wa kwenda chagua la mchana, ufike siku moja kabla ya tamasha, ulale. Anayeshuka Mbezi asubuhi ya siku yenyewe akaingia uwanjani moja kwa moja, saa kumi jioni utamkuta amesinzia wakati wachezaji wanatambulishwa. Wakati wa kurudi, usikate tiketi ya alfajiri inayofuata. Tamasha huisha usiku, kutoka uwanjani ni kazi, na Mbezi ni mbali. Kata ya jioni ya kesho yake au ya asubuhi ya keshokutwa.

Beba sweta. Mtu wa Kyela amezoea joto la ziwa, akifika Tukuyu na Uyole mwezi wa saba au wa nane meno yanagongana, na Makambako hadi Mafinga hakuna nafuu. Beba pia chakula cha kuanzia safari, ndizi za kuchoma au mayai, maji, na fedha ndogondogo. Basi likianza kushuka Kitonga, aliye na kichefuchefu awe ameshakula kitu chepesi. Kwenye hifadhi ya Mikumi gari hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, na hiyo ni sheria. Msimpigie dereva kelele kwamba mnachelewa.

Treni ya TAZARA kutoka Mbeya ina mvuto wake, na stesheni yake ya Dar es Salaam, penye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, iko karibu na uwanja kuliko stendi ya Mbezi. Lakini safari za abiria ni chache kwa wiki na ucheleweshaji ni wa kawaida. Uliza stesheni ya Mbeya kama inasafiri wiki hiyo, na ukiichagua, ondoka ukiwa na siku mbili za ziada. Ndege kutoka Songwe ni ya mwenye uwezo na mwenye haraka. Hapo kumbuka mambo mawili: kutoka Kyela hadi uwanja wa ndege kwenyewe ni safari ya asubuhi nzima, na ukungu wa Songwe huweza kuchelewesha ndege.

Wasomaji wa mwambao wa Ludewa, kuanzia Lupingu hadi Manda, na wale wa Ikombe na Lumbila, wana ngazi moja zaidi: ziwa. MV Mbeya II ilipoanza kazi mwaka 2021 ilirahisisha mambo, inabeba abiria 200, lakini ratiba yake si ya kila siku, na miezi ya katikati ya mwaka ndiyo ya upepo wa mwera. Mawimbi yakiamka, chombo hungoja. Usipange kushuka bandarini asubuhi na kupanda basi la Dar mchana huohuo. Fika Kyela siku mbili kabla ya basi. Na kwa mitumbwi ya injini, vaa jaketi okozi hata kama nahodha ni binamu yako.

Kwa jamaa zetu wa Karonga wanaovuka Kasumulu, hati ya kusafiria iwe hai, na msisahau kwamba saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Basi la saa kumi na mbili asubuhi Kyela, kwa saa yenu ni saa kumi na moja.

Siku yenyewe

Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, palitokea msongamano kwenye Uwanja wa Mkapa. Shabiki mmoja alifariki na wengine 30 wakajeruhiwa. Ninalitaja si kukutisha, bali kwa sababu lina somo la kupanga: saa ya kuingia ni sehemu ya mpango, kama nauli. Mlango huwa mwepesi mapema mchana na mzito jua likianza kushuka. Akija kiongozi mkubwa, kama Rais Samia Suluhu Hassan alivyohudhuria Simba Day ya 2023, ukaguzi na ulinzi huongezeka. Ingieni mapema, mkiwa mmekula na mmekunywa maji.

Kabla ya kuingia, kikundi kikubaliane mambo matatu. Kwanza, mahali pa kukutania baada ya tamasha, tena pawe nje na mbali na geti, penye alama isiyohama. Si "hapo kwenye bajaji". Pili, saa ya mwisho ya kungojana. Tatu, nani ameshika orodha ya majina na namba, iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu umati ule ukijaa mtandao huweza kusuasua na chaji huisha. Watoto waandikiwe namba ya mzazi mkononi kwa kalamu ya wino. Fedha igawe: kidogo mfukoni, nyingine ndani ya nguo, na nauli ya kurudi iwe imeshageuka tiketi. Simu isining'inie mfuko wa nyuma. Kukiwa na kusukumana, usirudi kuokota kiatu.

Mambo yakiharibika

Machi 8, 2025 mashabiki walishafika Dar es Salaam kutoka mikoani kwa ajili ya mechi ya Simba na Yanga. Saa chache kabla ya mpira kuanza, mechi ikaahirishwa, baada ya mvutano ulioanzia kwenye mazoezi ya Simba uwanjani usiku wa kuamkia siku hiyo. Ilikuja kuchezwa Juni 25. Mwaka huohuo, fainali ya marudiano ya Simba na RS Berkane iliyotarajiwa kwa Mkapa ilihamishiwa Amaan, Zanzibar, ikachezwa Mei 25. Aliyekuwa amelipia chumba Temeke akajikuta anatafuta tiketi ya boti.

Matamasha hayajakumbwa na vurugu za namna hiyo, lakini uwanja ni uleule na waamuzi wa kalenda ni walewale. Kwa hiyo unapokata tiketi ya basi, uliza kabla ya kulipa: nikitaka kusogeza tarehe, masharti ni yapi? Unapolipia chumba, lipia usiku mmoja, mengine ukifika. Na ile akiba ya dharura, iwe ya kutosha kula na kulala siku mbili zaidi na kupanda basi jingine. Isiguswe kwa soda wala kwa skafu. Ukirudi nayo nzima Kyela, ujue ulipanga vizuri.

Kama tarehe imetoka na mfuko haujafika, kaa. Usikope kwa riba kwenda kuona mechi ya kirafiki. Tamasha huonyeshwa kwenye televisheni, na kibanda umiza cha Kyela kina kelele zake tamu. Fedha uliyodunduliza haijapotea. Inaanza safari ya mwakani ikiwa na mtaji. Na ligi ikiwa inaendelea, fanyeni safari ya majaribio: Simba au Yanga ikija Mbeya kucheza na Tanzania Prisons Uwanja wa Sokoine, pandeni Coaster asubuhi na mrudi usiku. Mtajua nani huchelewa, nani hulewa, nani anafaa kushika fedha.

Na mkirudi kutoka Dar, msiishie kuonyeshana picha. Ndani ya wiki moja itisheni kikao cha kufunga hesabu, daftari likiwa mezani. Kilichobaki kitajwe mbele ya wote, aliyezidishiwa arudishiwe, na mahali palipowagharimu kuliko mlivyodhani paandikwe. Kisha fungueni ukurasa mpya, mwandike mwaka unaofuata juu, na anayetaka kwenda atoe shilingi 5,000 yake ya kwanza hapohapo. Tarehe wataitangaza wakitaka.